Mapangaboi ya Mufindi: kwa nini kampuni yenye mto ilinunua upepo

Mwezi wa nane ukikaa Coco Beach, Dar es Salaam, jioni, kiberiti hakiwaki. Muuza mihogo anakinga jiko lake kwa bati pande tatu, kifuniko cha pilipili kimewekewa jiwe juu, na anayekula mishikaki anageuzia bahari mgongo ili mchanga usimwingie kwenye sahani. Mwaka huu niliyekaa naye ni kinyozi wangu wa Mwananyamala, na yeye ndiye aliyeuliza: "Sasa kaka, upepo wote huu unaenda bure. Si wangefunga mapangaboi hapa tukasahau habari za mgao?"

Majibu ya mtaani kwa swali hilo huwa mawili, "hawataki" na "ni ghali". Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili humwacha muulizaji palepale alipokuwa. Maana mapangaboi yapo. Shamba la kwanza la umeme wa upepo nchini lilianza kazi 2020, ila liko Mufindi, mkoani Iringa, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwenye jiko lile la mihogo, katikati ya mashamba ya chai. Mitambo yenyewe ni mitatu tu, jumla megawati 2.4. Ukilinganisha na gridi ya taifa, ambayo siku hizi mitambo yake imepita megawati 4,000, hilo ni tone.

Kinachonivutia mimi ni aliyeinunua. Ni kampuni ya Rift Valley Energy, ambayo kupitia mradi wake wa Mwenga huzalisha umeme wa maji huko huko Mufindi tangu 2012, megawati 4, na kuusambaza kwa nyaya zake yenyewe kwenye vijiji zaidi ya 30 na kwenye shughuli za chai. Unaobaki huuziwa TANESCO. Kwa maneno mengine, ni shirika dogo la umeme la kijijini. Wateja wake wengi ni wa taa tatu, redio na chaji ya simu. Mto ilikuwa nao tayari. Nguzo zilishasimama. Sasa mtu wa namna hiyo anatafuta nini kwenye upepo, kitu ambacho hata mataifa makubwa wanakilalamikia kwamba leo kipo, kesho hakipo?

Mto na kusi

Jibu liko kwenye kalenda, na wavuvi wa Feri wanaijua kalenda hiyo kuliko wahandisi wengi. Muulize nahodha yeyote pale Kivukoni, atakupangia mwaka wake kwa upepo. Kusi inaanza Aprili, inakaza kuanzia Juni, inalegea kuelekea Oktoba. Kisha matlai, upepo wa kubembeleza, siku nyingine tanga linaning'inia kama shuka iliyoanikwa. Kaskazi inaingia Desemba na kukaa hadi Machi. Majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na hesabu hiyo haijabadilika kwa karne nyingi.

Sasa weka kalenda ya pili juu yake. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Hapo mito inajaa na mtambo wa maji unakunywa ushibe. Mvua ikikatika, mto unaanza kushuka kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, na mwezi wa kumi na wa kumi na moja unakuta mawe ambayo Machi hukujua kama yapo. Mtambo kama wa Mwenga hauna bwawa la kutunza maji ya miezi. Yanayokuja leo ndiyo yanayofanya kazi leo. Mto ukishuka, mtambo wa megawati 4 unabakia wa megawati 4 kwa jina.

Na ni katika miezi hiyo hiyo ya ukavu ambapo upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu. Unatoka upande wa bahari, unapita juu ya bonde la Kilombero, halafu unagonga ukingo wa nyanda za Mufindi. Hewa haiwezi kupenya mlima, kwa hiyo inapanda, na inapovuka kilele inabanwa na kuongeza kasi, kama maji ya bomba unapobana mdomo wake kwa kidole. Mashamba ya chai yako palepale juu. Chai ni kichaka cha kiunoni, hakizuii kitu. Ungeweka mitambo hiyo katikati ya misonobari ya Sao Hill, si mbali na hapo, upepo ungefika umechanwachanwa na miti na mapanga yangetikiswa huku na huku badala ya kuzungushwa.

Kwa hiyo upepo unakaza wakati mto unalegea. Ukilielewa hilo umeelewa uwekezaji wote. Kampuni ile haikwenda kutafuta umeme mwingi kuliko wa mto, wala umeme rahisi kuliko wa mto. Ilikwenda kununua uniti za kiangazi.

Kuna faida ya pili ambayo watu wengi hawaioni, nayo ni waya. Njia ya umeme inajengwa kwa ajili ya siku ya juu kabisa. Masika mto ukijaa, njia inayopeleka umeme kwa TANESCO inabeba mzigo wake wote. Kiangazi njia hiyo hiyo inabeba nusu au chini ya hapo, lakini mkopo wa nguzo haupungui kwa sababu mto umepungua. Ukileta mtambo unaozalisha hasa kiangazi, unaupitisha kwenye waya uliokwisha kulipiwa. Mradi mpya wa upepo ulioanza porini peke yake ungebeba gharama ya njia mpya, kituo kipya, walinzi wapya na mafundi wapya. Huu wa Mufindi ulikuta vingi vya hivyo vimesimama.

Kwa nini Coco haifai

Nirudi kwa kinyozi, maana alisisitiza: huoni upepo huu? Nauona. Tatizo ni namna upepo unavyohesabiwa.

Nguvu iliyomo kwenye upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Inaongezeka kwa kasi ikizidishwa yenyewe mara tatu. Upepo wa mita 5 kwa sekunde una nguvu ya 5 mara 5 mara 5, yaani 125. Wa mita 6 una 216. Ngozi yako haiwezi kutofautisha mita 5 na mita 6, lakini mtambo unapata zaidi ya asilimia 70 ya ziada. Ukienda mara mbili, kutoka mita 4 hadi mita 8, nguvu inakuwa mara nane. Ndiyo maana watu wa upepo wanagombania mlima mmoja na kuudharau wa jirani yake ambao kwa macho yetu ni pacha wake.

Upepo wa pwani yetu jioni unasaidiwa sana na joto la mchana: ardhi inapata moto kuliko bahari, hewa ya nchi kavu inapanda, ya baharini inakuja kuziba nafasi. Jua likizama habari hiyo inakwisha. Usiku wa manane wavuvi wanapata umande, upepo mwepesi unaotoka nchi kavu, mzuri wa kuisukuma ngalawa taratibu nje ya bandari. Mtambo mkubwa unahitaji takribani mita 3 au 4 kwa sekunde ili uanze tu kuzunguka, na karibu mita 12 au zaidi, yaani kama kilomita 43 kwa saa, ili utoe uwezo wake kamili. Ukipita mita 25 unajifunga wenyewe usivunjike. Wewe uliyekaa Coco unaukumbuka upepo wa saa kumi na moja jioni. Benki inataka kujua wa saa tisa usiku, wa Novemba, na wa mwaka mzima.

Ndiyo maana kabla ya mtambo kuna mnara. Mlingoti mwembamba wenye vikombe vidogo vinavyozunguka na kalamu za kielektroniki zinazoandika kasi kila baada ya dakika chache, unasimama kwenye uwanja kwa mwaka mmoja angalau. Anayepita njiani anadhani ni wa simu. Usipokuwepo mnara huo, mengine yote ni hadithi, na hata akija mwekezaji na picha nzuri za kompyuta namna gani, mimi swali langu la kwanza huwa ni moja: mnara ulisimama wapi, kwa muda gani?

Mufindi yenyewe ina kasoro yake. Kwenye mwinuko wa mita kama 1,900 hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na usawa wa bahari, na hewa nyepesi inasukuma kidogo. Na hata pwani, hata Ulaya, hakuna mtambo unaoweza kuchukua nguvu yote ya upepo. Mjerumani Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba kikomo ni asilimia 59 hivi. Ukichukua yote, hewa ingesimama nyuma ya mapanga na nyingine isingepata pa kupita.

Megawati 2.4 basi ni uniti ngapi? Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Mitambo ingezunguka kwa uwezo wake wote saa 24 kwa mwaka mzima ingetoa uniti milioni 21. Haiwezekani. Tuchukue kwa mfano kwamba kwa wastani wa mwaka inatoa asilimia 30 ya hapo, kiwango cha kawaida kwa eneo la wastani. Tunapata uniti milioni 6.3. Nyumba inayotumia uniti 75 kwa mwezi, ule ukomo wa wateja wadogo wa LUKU, inamaliza 900 kwa mwaka. Gawanya, unapata nyumba 7,000. Mitambo mitatu. Lakini usisahau kwamba nyumba hizo haziwashi taa pale upepo unapotaka. Zinawasha saa moja jioni, zote kwa pamoja, na saa nne zinazima.

Hela

Umeme wa upepo ni kama kununua bajaji ambayo haili mafuta kabisa. Matengenezo yapo, tairi zipo, ila gharama karibu yote iko siku ya kwanza. Mwenye jenereta akikosa hela mwezi huu anapunguza dizeli. Mwenye upepo amekwisha kulipa kila kitu kabla ya taa ya kwanza kuwaka, na kwa kawaida amelipa kwa fedha za kukopa. Kwa hiyo bei ya uniti ya upepo inaamuliwa na mambo mawili, upepo na riba, na sina hakika kama upepo ndio mkubwa.

Piga hesabu ya mkopo wa shilingi milioni 100 wa miaka 15. Kwa riba ya asilimia 6 unalipa karibu milioni 10.3 kila mwaka. Kwa asilimia 15, riba ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo hashangai kuisikia, unalipa milioni 17.1. Mtambo ni uleule, mlima uleule, kusi ileile, lakini mzigo wa mwaka umepanda kwa theluthi mbili. Ukimsikia mtu anasema umeme wa upepo ni rahisi Ulaya na ghali Afrika, mara nyingi anaongelea benki bila kujua. Mradi wa Mufindi ulipata mkopo kutoka REPP, mfuko unaopewa fedha na serikali ya Uingereza kwa ajili ya miradi midogo ya nishati jadidifu barani Afrika. Na ukikopa kwa fedha za kigeni ukauza uniti kwa shilingi, kila shilingi inapoteleza deni linanenepa.

Halafu kuna barabara. Mtambo wa kilowati 800 una mapanga ya mita ishirini na kitu kila moja, na panga halikatwi vipande. Anayetoa mzigo wa namna hiyo bandarini Dar akaupeleka Mufindi ana Kitonga mbele yake, zile kona ambazo lori la kawaida tu likikwama foleni inalala hapo. Juu yake weka winchi la kunyanyua chuma hadi juu ya mnara, ambalo halikodishwi kila mtaa. Winchi hilo linalipwa kuja na kurudi, liwe limesimamisha mtambo 1 au 30, ndiyo maana miradi midogo huumia hapa kuliko ile mikubwa.

Na kijijini kwenyewe, je? Nyaya ni ndefu, wateja ni wachache kwa kila kilomita, na matumizi yao ni madogo. Hakuna hesabu ya kawaida inayolipa nguzo hizo kwa taa tatu. Hapa ndipo mkazi wa Dar anapoingia bila kujua. Fungua ujumbe wa LUKU kwenye simu yako. Ukiacha tokeni yenyewe utaona VAT, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, na REA asilimia 3. Hiyo ya mwisho inakwenda Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya 2005 na kuanza kazi 2007. Ruzuku za wakala huo, pamoja na za Umoja wa Ulaya, zilisaidia kuunganisha vijiji vya Mwenga. Kinyozi alipoisoma ile mistari kwenye simu yake alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nina nguzo Mufindi."

Unazo, nikamwambia, na kwa kweli ile ziada inayouzwa TANESCO nayo inabeba kijiji. Bila mnunuzi mkubwa wa uniti ambazo kijiji hakizihitaji saa nane usiku, kampuni ndogo haiwezi kulipa mkopo. Utaratibu wa wazalishaji wadogo uliowekwa na EWURA, kwa mitambo isiyozidi megawati 10, ndio uliofungua mlango huo: mkataba wa mfano uliokwisha kuandikwa, bila kuanza majadiliano upya kutoka aya ya kwanza. Ni karatasi tu, lakini karatasi hiyo imezalisha umeme kuliko hotuba nyingi.

Wamarekani walilipitia jambo hili mapema, na kwa bahati hata kifupi chao kilikuwa REA. Rais Roosevelt aliianzisha REA yao Mei 1935, wakati ambapo mashamba yenye umeme yalikuwa karibu 1 katika kila 10, kwa sababu kampuni za umeme zilisema kijijini hakulipi. Wakulima wakaunda ushirika wa umeme: ukinunua umeme, wewe ni mmoja wa wenye kampuni. Ushirika hizo zipo hadi leo, na baadhi zimeingia kwenye upepo kwa kishindo. Basin Electric, inayouza umeme wa jumla kwa ushirika wenzake, ilijenga shamba la megawati 115.5 karibu na Minot, North Dakota, mwaka 2009, na lingine la mitambo 108, megawati 162, kule South Dakota 2011.

Lakini sikiliza kituko. Tangu 1992 serikali yao ilisaidia upepo kwa kuwapunguzia kodi wenye mitambo. Ushirika kwa kawaida haulipi kodi ya mapato. Anayepunguziwa kodi asiyoilipa amepewa nini? Ikabidi ama waunde kampuni tanzu inayolipa kodi, ama wawaache matajiri wa mijini wamiliki mitambo kwenye mashamba ya wanaushirika na kuwauzia umeme wa upepo wao wenyewe. Sheria iliyowaruhusu kulipwa punguzo hilo kwa fedha moja kwa moja ilikuja 2022, miaka 30 baadaye. Nani anamiliki mtambo, mara nyingi, huamuliwa na mhasibu.

Mto, upepo na ile taa inayopepesa

Lipo lalamiko moja la kweli kuhusu upepo: unayumba. Gridi yetu inakwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na inabaki hapo pale tu umeme unaoingia ukilingana na unaotoka, sekunde kwa sekunde. Upepo ukilegea ghafla mizunguko inashuka, taa inapepesa, na ikishuka sana mitambo mingine inajitoa kujiokoa na giza linaenea. Kwa hiyo upepo unahitaji mwenzi mwepesi wa kuitikia.

Mwenzi bora kuliko wote ni maji. Mlango wa maji unafunguka na kufunga kwa sekunde. Mtambo wa makaa hauwezi hivyo, na hata wa gesi hutegemea ni wa aina gani. Na penye bwawa kubwa jambo linakuwa tamu zaidi, maana kila uniti ya upepo ni maji yaliyobaki. Bwawa la Mtera ni betri. Kusi ikivuma Julai, unaziba kidogo milango, maji yanakaa, na Novemba matlai ikituliza kila kitu unayafungulia. Upepo haukaushi bwawa.

Hapo ndipo watu huniuliza kama baada ya Bwawa la Nyerere, megawati 2,115 kwa mashine tisa za 235, bado tunahitaji vipangaboi. Mashine ya kwanza iliwashwa Februari 2024 na mgao uliokuwa unatutesa ukaanza kupungua. Sina sababu ya kulibeza. Ila chukua ramani uweke kidole. Mtera na Kidatu ziko kwenye Ruaha Mkuu. Kihansi iko upande wa Kilombero. Maji ya Ruaha Mkuu na ya Kilombero yote yanaishia Rufiji, na Bwawa la Nyerere liko huko chini. Vituo vikubwa vinne vya maji, bonde moja. Mwaka ambao mvua itagoma nyanda za juu, vyote vinaona njaa pamoja, na gesi ya Songo Songo na Mtwara inabeba peke yake. Upepo wa Singida haujui habari za mvua ya Mbarali.

Singida, naam. Tumeahidiwa mapangaboi ya Singida kwa zaidi ya miaka 10, na ya Makambako pia, miradi ya megawati 50, 100, 300. Hadi naandika haya hakuna hata moja lililozunguka kuuza umeme. Upepo upo, kila aliyepita barabara ile anajua. Kinachokwama ni mkataba wa kuuziana, dhamana, bei, na nani anajenga njia. Mradi wa megawati 2.4 uliteleza kwenye mkataba wa mfano. Mradi wa megawati 100 unafunguliwa jalada lake peke yake, na jalada hilo linahama na mawaziri.

Majirani zetu wametuonyesha kona nyingine ya kuogopa. Kenya ilijenga mitambo 365 kando ya Ziwa Turkana, megawati 310. Mitambo ilikamilika 2017. Njia ya kuutoa umeme, kilomita zaidi ya 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, ilikamilika mwaka uliofuata. Mkataba ulisema chukua au lipa. Umeme haukuchukuliwa, waya haukuwepo, na Wakenya wakalipa. Leo shamba lile linafanya kazi vizuri sana, na bado wapo wanaolitaja kwa uchungu kwa sababu ya miezi ile.

Kama ningeulizwa mimi pa kuanzia, nisingesema Singida wala Coco. Ningesema Mafia. Kisiwa hicho kwa miaka mingi kimetegemea jenereta za dizeli. Lita moja inatoa uniti tatu hadi nne. Weka lita kwa shilingi 2,800, mafuta peke yake yanafika shilingi 800 kwa uniti, kabla ya kumlipa fundi. Mteja mdogo wa Mafia analipa shilingi 100, sawa na wa Mbagala, kwa kuwa bei ya TANESCO ni moja nchi nzima. Pengo hilo linazibwa na sisi wengine. Kwenye gridi kubwa upepo unashindana na maji na gesi. Kisiwani unashindana na dizeli, na dizeli ni mpinzani dhaifu. Ushirika wa Kotzebue, kijimji cha Alaska kisichofikiwa na barabara, ulianza na mitambo yake midogo 1997 kwa hesabu hiyo hiyo. Hawakuzima jenereta. Walipunguza meli za mafuta.

Nilimweleza kinyozi haya akiwa ananinyoa, wiki mbili baada ya Coco. Alisikiliza mpaka mashine ikafika sikioni. "Na matlai ikiingia Mafia?" Jenereta litanguruma kama kawaida, nikamjibu. Akapuliza nywele kwenye mashine, akaiangalia ile mita ya LUKU ukutani, zimebaki uniti 4, na akamtuma kijana wake dukani kwa wakala kabla hajanimalizia upande wa pili.